Mashine Inayozimika Ikipumzika

Jumatatu, 2 Februari
Joto la karakana saa nane mchana: nyuzi 31.

Mdogo wangu ametangaza kwamba mwezi wa nne atafungua duka la pili, mtaa wa juu, mkabala na benki. Litakuwa na karakana yenye kuta za vioo, meza ndefu ya kufanyia kazi, na fundi mkuu mmoja. Hakusema nani. Alimwangalia mkewe kwanza, kisha akaniangalia mimi.

Karakana hii niliianzisha mimi miaka kumi na tisa iliyopita, kwa bisibisi tatu na meza ya kulia ya mama. Mdogo wangu aliingia mwaka wa sita. Yeye akachukua wateja, mimi nikabaki na kompyuta. Wifi, mkewe, ameingia mwaka jana. Wateja wananiita Fundi. Yeye wanamwita Spidi.

Alhamisi, 5 Februari
Kazi mpya: kompyuta nne za studio ya filamu. Mwenye studio ni mama mmoja tunayemwita Mhariri, kwa sababu ndiyo kazi yake na hana nyingine. Anataka picha ziende bila kukwamakwama. Mimi nilipendekeza ubongo wa mashine, yaani prosesa, uwe wa kawaida na kumbukumbu iwe kubwa zaidi. Wifi akasema atazikimbiza prosesa kupita kasi ya kiwandani, kutoka gigahezi 4.4 hadi 5.1.

"Kwa joto hili?" nikamuuliza.

"Kwa joto hilihili, wifi."

Mdogo wangu akacheka. Si kicheko kikubwa, ila nilikiona.

Jumatatu, 9 Februari
Mashine ya kwanza imefika 5.1. Chini ya mzigo, prosesa ilipanda hadi nyuzi 94. Niliandika namba hiyo ubaoni kwa chaki, kubwa, mahali ambapo kila aingiaye ataiona.

"Nipe siku mbili," akasema wifi.

"Chukua hata tatu. Prosesa haisikii bembelezo."

Jumatano, 11 Februari
Ameipunguzia volti. Badala ya kuongeza umeme ili ikimbie, kama tufanyavyo sote, aliukata kidogo kidogo, akijaribu kila hatua, hadi akakuta mahali ambapo kasi inabaki 5.1 na joto linashuka hadi 83. Amekaa nayo siku mbili bila kuinuka isipokuwa kwenda kunawa.

Imepita kipimo cha karakana: mzigo wa saa kumi na mbili mfululizo bila kusita. Kipimo hicho nilikitunga mimi. Kimechapwa na kubandikwa ukutani, na hakuna mashine inayotoka mlangoni bila kukifaulu.

Mdogo wangu alipiga picha skrini. Kisha akafuta 94 yangu ubaoni kwa kiganja na kuandika 83.

Wakati wa chakula mama akauliza kulikoni mwanawe anatabasamu peke yake.

"Mkweo kaipunguzia mashine umeme, mama, na bado inakimbia vilevile."

"Mimi daktari kanipunguzia chumvi na sikimbii popote," akasema mama. "Hongera, mkwe wangu."

Wakacheka wote. Nilicheka pia. Miaka kumi na tisa sijasikia hongera ya mashine katika nyumba hii.

Alhamisi, 12 Februari
Zote nne zimefaulu na zimeondoka.

Jumatatu, 16 Februari
Nyuzi 33. Wateja wawili waliingia wakaulizia Spidi. Mmoja nilimwambia ametoka. Alikuwa chumba cha pili.

Jumatano, 18 Februari
Mhariri amepiga simu. Mashine yake inazimika yenyewe: jana mara mbili, leo mara moja. Wifi alikuwa na kazi mkononi, kwa hiyo nikaenda mimi. Nilikwenda kwa furaha. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Studio ni chumba kimoja chenye mapazia mazito na feni ya dari inayolia. Mhariri anatengeneza filamu ya wakunga kumi na wawili, na inatakiwa kuoneshwa tarehe 20 Machi. Alinipa maji na kiti. Nilikaa saa tatu nikitazama. Alifanya kazi nzito, picha juu ya picha, na mashine haikutikisika.

"Ona sasa," akasema. "Mbele yako inajifanya ina adabu."

Akainuka kwenda kuchukua chai. Aliporudi skrini ilikuwa nyeusi.

"Huwa hivi?" nikauliza.

"Hivi hivi. Nikiinuka tu. Ina kisirani, Fundi, haitaki niende chai."

Niliichukua hadi karakana.

Ijumaa, 20 Februari
Leo asubuhi niliiweka mezani kwangu, nikawasha programu inayoandika joto, volti na mzigo kila sekunde, kisha nikaiacha. Sikuipa kazi yoyote. Nilitengeneza kebo za mteja mwingine huku nikiitazama kwa pembe ya jicho.

Saa nne na dakika ishirini ilizimika. Ilikuwa imepumzika saa moja na dakika arobaini. Mstari wa mwisho: joto la prosesa nyuzi 36, mzigo asilimia moja, volti 0.63.

Nyuzi 36. Hata mtu ana zaidi.

Jambo lenyewe ni rahisi. Prosesa yenye kazi nyingi hula volti 1.30. Ikipumzika hujishusha yenyewe hadi 0.72 ili isipoteze umeme bure. Wifi alikata 0.09 kote, juu na chini. Kule juu pengo hilo halihisiwi. Kule chini inabaki 0.63, na hapo prosesa haina nguvu ya kusimama. Inafanya kazi ngumu kutwa bila shida, kisha inakufa ikiachwa itulie.

Kwa nini hatukuiona? Kwa sababu kipimo cha karakana ni saa kumi na mbili za mzigo, na ndani yake hamna hata dakika moja ya kupumzika. Mashine ilifaulu mtihani wangu kwa kuwa mtihani wangu haukuuliza swali hilo.

Nilikuwa na sentensi nzima tayari mdomoni. Mdogo wangu akasimama mlangoni na funguo za gari mkononi.

"Dada, umeona nini?"

Nyuma yake wifi alikuwa ameinamia mashine nyingine, akipiga mluzi.

"Joto," nikasema.

Jumamosi, 21 Februari
Nyuzi 34. Sikusema kitu.

Jumatatu, 23 Februari
Nilisema joto, basi wifi anapambana na joto. Tulipoirudisha mashine studio, aliongeza feni mbili kwenye kila kasha. Pia amezidisha kukata volti, kutoka 0.09 hadi 0.10, ili prosesa zipoe zaidi. Nilimwona akifanya. Nilikuwa nimesimama umbali wa mkono mmoja, na bisibisi niliyomshikia ilikuwa yangu.

Jumanne, 24 Februari
Studio: mashine mbili sasa, si moja.

Jumatano, 25 Februari
Nyuzi 35. Mdogo wangu alimletea mkewe chupa ya maji baridi kutoka dukani. Akakumbuka, akarudi, akaniletea na mimi. Ya kwangu haikuwa baridi.

Mambo haya ni madogo na ninajua ni madogo. Bado nayahesabu.

Ijumaa, 27 Februari
Wifi ameshinda studio siku mbili na kipimajoto, akiandika joto la chumba kila nusu saa. Mhariri ananiambia kwa simu kwamba akiwapo Spidi mashine hazizimiki. Si ajabu. Akiwapo anazipa mzigo ili azipime.

"Huyu binti anafanya kazi, Fundi," akasema Mhariri. "Ila sijui anafanya nini."

Nilifurahia nusu ya pili ya sentensi siku nzima.

Jumapili, 1 Machi
Karakana imefungwa, lakini wifi alinifuata chumbani na vikombe viwili vya chai. Hajawahi kufanya hivyo. Amekonda usoni.

"Wifi, naomba unifundishe. Nimeshindwa."

"Umeshindwa nini?"

"Joto limeshuka hadi 76. Nimefika kupunguza 0.11. Na bado zinazimika. Kuna kitu sikioni."

"Punguza kasi basi."

"Nikipunguza kasi nimekubali kwamba sijui kazi."

"Basi usipunguze."

Akacheka, kwa uchovu. "Wewe wifi ungekuwa daktari, wagonjwa wangepona wenyewe kwa hofu."

Kisha akasema kitu ambacho sikukitarajia. Alisema kwamba kabla hajaolewa, alipokuwa anauza simu kwenye kibanda, alileta kompyuta yake mbovu hapa, mimi nikaifungua mbele yake na kumweleza kila kipande bila haraka. Ndiyo siku aliyotaka kazi hii. Mimi siikumbuki siku hiyo wala kompyuta hiyo. Nimefungua nyingi.

Ingetosha sentensi moja: iache ipumzike uone. Nilikunywa chai.

"Pengine mvua ikinyesha itatulia," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa dawa. Aliondoka na vikombe vyote viwili, na mimi nikabaki nikijua kwamba mvua ikinyesha sitakuwa na pa kujificha. Joto ndiyo hadithi yangu nzima.

Jumatatu, 2 Machi
Mawingu tangu asubuhi. Nyuzi 32. Sikupata kutazama dirishani bila kutazama kipimajoto.

Jumanne, 3 Machi
Mvua imeanza saa tisa usiku na haijakata. Karakana nyuzi 24. Wifi aliingia amelowa, anatabasamu, akafungua madirisha yote mawili.

"Leo tutalala kwa amani, wifi."

Saa sita mchana Mhariri akapiga simu. Zilikuwa zimezimika mara sita. Zote nne.

Jumatano, 4 Machi
Leo imetokea.

Mhariri aliiacha mashine ikinakili kazi yake kwenye diski ya nje, akaenda kula. Kunakili ni kazi nyepesi, prosesa ilikuwa kama imelala. Ikazimika katikati. Faili haifunguki, si kwenye diski ya nje wala ya ndani. Nakala ya mwisho iliyo nzima ni ya Jumamosi. Siku nne za kazi zimepotea, na wakunga watatu wamo ndani yake.

Tulikwenda wote watatu kwa mvua. Mhariri hakupiga kelele. Alikaa amegeukia skrini, akimsemesha mdogo wangu bila kumtazama.

"Wewe ni mfanyabiashara. Niambie, mimi ni mteja wako au ni jaribio lenu?"

Mdogo wangu akaanza kuomba radhi. Akamkatiza.

"Mliniambia joto. Leo nimevaa sweta."

Wifi alisimama karibu na mlango, maji yakimtiririka kwenye nywele. Alisema, "Kosa ni langu." Hakusema kwa sauti ya kutaka kuhurumiwa. Alisema kama anayesoma namba. Nilijaribu hiyo faili kwa saa mbili, kwa kila njia ninayoijua. Haikufunguka.

Tulirudi karakana kwa mvua ileile.

Alhamisi, 5 Machi
Mdogo wangu alituita wote wawili asubuhi. Alisema wifi ataacha mashine za kukimbizwa na atakaa kaunta hadi atakapoambiwa vingine. Fundi mkuu wa duka la pili atakuwa mimi. Kazi ya kwanza: niziponye kompyuta za studio.

"Sawa," akasema wifi, akaenda kaunta na kuanza kupanga betri za saa kwa ukubwa.

Hiki ndicho nilichokitaka tangu tarehe mbili mwezi uliopita. Nimekipata saa tatu na robo asubuhi. Niliweka funguo mpya mfukoni na nikahisi uzito wake kila nilipoinama.

Ijumaa, 6 Machi
Nilifika studio saa mbili. Nilirudisha volti za chini mahali pake kwenye mashine tatu, nikaacha za juu kama wifi alivyozipanga, kwa sababu za juu alizipanga vizuri kuliko ambavyo ningezipanga mimi. Dakika kumi kila mashine. Kisha nikaziacha zikae bure. Kwa saa tano nzima hazikuzimika. Mashine ya nne, ile ya Mhariri, niliirudisha karakana nikabadilishe diski.

"Dakika kumi!" Mdogo wangu alisema hivyo kwa kila aliyeingia. "Dada yangu, dakika kumi!"

Kutoka tarehe 20 hadi leo ni siku kumi na nne.

Jumatatu, 9 Machi
Mvua. Nilikwenda kuchukua diski mpya, nikamwachia wifi mashine ya Mhariri aifute vumbi. Niliporudi alikuwa ameiwasha. Kwenye skrini lilikuwa faili langu la tarehe 20 Februari, lile la joto, volti na mzigo, sekunde kwa sekunde hadi mstari wa mwisho.

Ningeweza kulifuta siku ileile. Sijawahi kufuta kipimo.

"Wifi," akasema. "Hiki umekipima wewe?"

"Ndiyo."

"Mezani kwako. Haina mzigo. Nyuzi 36, volti 0.63." Alikuwa anasoma polepole, kidole kwenye skrini. "Ulikuwa unajua."

"Nilijua."

"Siku niliyokuletea chai ulikuwa unajua."

"Ndiyo."

"Ukanishikia bisibisi."

Nilitegemea atalia au atapiga kelele, na nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili. Alifunga kasha, akakaza skrubu zote nne, akafuta meza.

"Sitamwambia mume wangu," akasema. "Nikimwambia mimi, itakuwa maneno ya wifi na wifi. Watu watacheka na itaisha hivyo."

Akarudi kaunta.

Jumanne, 10 Machi
Nilimwambia mdogo wangu jikoni, mama akiwa anamenya vitunguu. Sikutafuta mahali pengine, maana ningetafuta hadi mwezi wa sita.

Aliniacha nimalize. Kisha akauliza kama anavyouliza wateja, swali moja moja.

"Siku ngapi?"

"Kumi na nne."

"Na zile nne za Mhariri?"

"Zimo ndani ya hizo kumi na nne."

"Kwa nini, dada?"

"Siku uliyotangaza duka ulimwangalia yeye kwanza."

Alinitazama muda mrefu. "Mimi sikumbuki kumwangalia mtu."

"Huyu ndivyo alivyo," akasema mama bila kuinua kichwa. "Wewe ulipozaliwa alikaa siku mbili hataki kuingia chumbani. Siku ya tatu akaingia, akasema mtoto kichwa chake hakiko sawa."

Hakuna aliyecheka. Mdogo wangu aliomba funguo. Nikampa. Akasema nitakwenda kwa Mhariri mwenyewe, peke yangu, na nitamwambia kama nilivyomwambia yeye, bila kupunguza.

Jumatano, 11 Machi
Niliirudisha mashine ya nne, na diski mpya. Mhariri hakuacha kazi nilipokuwa nasema. Kwenye skrini mkunga mmoja mzee alikuwa anafungua na kufunga mdomo bila sauti.

"Kwa hiyo nilikupa maji," akasema nilipomaliza, "ukakaa kwenye kiti hicho, ukaniangalia nikienda chai, na ukajua."

"Siku hiyo nilihisi. Nilijua siku mbili baadaye."

"Asante kwa usahihi." Akarudisha picha nyuma, akaikata. "Mashine hizi sasa ni nzima?"

"Ni nzima."

"Nani anasema? Wewe?" Sasa aligeuka. "Kesho aje Spidi azipime. Yeye alikosea mbele ya macho yangu. Wewe usije tena, Fundi."

Nilirudi kwa miguu. Mvua ilikuwa nyepesi.

Alhamisi, 12 Machi
Wifi alikwenda studio saa mbili, akarudi saa kumi na mbili jioni. Zote nne nzima.

Jumamosi, 21 Machi
Filamu ilioneshwa jana. Nasikia watu walisimama kupiga makofi. Wifi na mdogo wangu walialikwa. Mama alikwenda pia, akarudi amechoka na mwenye furaha, na akaniambia wakunga wote kumi na wawili walikuwapo. Sikumuuliza kama picha za wale watatu, zilizokatwa upya, zilikatwa vizuri.

Jumatano, 1 Aprili
Duka la pili limefunguliwa. Fundi mkuu ni wifi. Mimi nimebaki huku na meza yangu. Aliandika kipimo kipya, saa sita za mzigo na saa sita za kupumzika, akaniletea nikikague. Nilitafuta kosa kwa nusu saa. Halimo. Nikasaini.

Wivu haujaniisha. Nilidhani aibu ingeumaliza, lakini inaelekea vinakaa vyumba tofauti. Asubuhi nikipita mtaa wa juu namwona nyuma ya kioo, mbele ya ile meza ndefu, naangalia upande wa benki.

Jumanne, 14 Aprili
Mvua kubwa, karakana nyuzi 22. Saa nane mchana wifi alipiga simu. Hajanipigia tangu ahamie. Ana mashine ya mchora ramani: inafaulu mzigo, inafaulu kupumzika, ila asubuhi ikiwashwa kwa mara ya kwanza inaganda, na ikizimwa na kuwashwa tena inapona kutwa nzima. Amebadilisha hiki na kile. Mteja anakuja kesho, na mumewe bado hajui.

Nilijua jibu kabla hajamaliza. Kumbukumbu zimekimbizwa kwa kasi ambayo haziwezi zikiwa bado baridi. Zikipata joto zinaweza.

Sikusema kitu. Nilisikia mvua ya kwake kwenye simu, na ya kwangu dirishani.

"Wifi? Upo?"

"Nipo," nikasema, nikamwambia.

Kimya hicho kilichukua kama sekunde kumi. Nakiandika kwa sababu kilikuwapo.